Mwiba Katikati ya Umbo

Mitihani mikubwa niliyofanya maishani mwangu ni miwili. Mmoja ni wa serikali, wa kumaliza darasa la saba, ambao mwaka ule shuleni kwetu hakuchaguliwa hata mtu mmoja, na kwa huo sina wa kumlaumu. Mwingine ni ule wa maumbo, wa kuingia shule ya wasichana ya masista pale Tabora mjini. Kwa huo ninaye wa kumlaumu. Namjua kwa sura, kwa sauti, na kwa vipimo vya mabega yake, maana nimewahi kumpima. Ni mwalimu mkuu wetu. Nimeanza na yeye ili msomaji asije akafika mwisho akadhani namlaumu Mungu, au tumbaku.

Kwetu ni porini, upande wa Goweko. Tulihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa nikiwa darasa la nne. Katibu wa kijiji alikuja na mgambo wakaezua paa la nyumba yetu mama akiangalia, ili tusije tukapata hamu ya kurudi. Huyo katibu naye ni mkosaji, ila yeye nilishamwambia usoni siku ya msiba wa baba, kwa hiyo hapa simpi nafasi kubwa. Masika ya kwanza tulilala chini ya turubai, na mdogo wangu wa mwisho akafa kwa kikohozi. Tuliobaki tukabaki.

Kitu pekee ambacho baba alikikubali katika kijiji kile ni shule. Kule porini shule ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Hapa mama akiita jikoni, darasani wanasikia. Tuliijenga kwa matofali tuliyofyatua wenyewe, karibu na reli, mahali ambapo zamani wapagazi walipita na pembe za ndovu wakielekea pwani. Babu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Baba alizoea kuniambia, "Babu yako alipita hapa kwa miguu, kabeba mali ya mtu. Wewe utapita hapa ndani ya treni, unakwenda kusoma." Alisema hivyo mbele ya wageni pia, na mimi nikawa najiona tayari nimekaa dirishani.

Masista kila mwaka walichukua wasichana wachache kutoka vijijini, kwa mtihani wao wenyewe. Karatasi moja ya mtihani ule haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa maumbo tu: mishale, pembetatu, miraba yenye nukta ndani, vibendera. Unaambiwa tafuta linalofuata, au tafuta lisilofanana na wenzake. Walisema hawataki mtoto wa kijijini ashindwe kwa sababu ya vitabu ambavyo hajawahi kuviona.

Aliyetuletea habari hizo ni mwalimu wa kike, mgeni kutoka upande wa Bukoba, ndiyo kwanza katoka chuoni. Alikuwa na baiskeli ya kiume aliyoipanda kwa gauni, jambo ambalo wanaume wa kijiji walilijadili kwa bidii kuliko mkutano wowote wa chama. Alipanda hiyo baiskeli hadi stesheni, akaenda kwa masista, akarudi na kijitabu kimoja cha mazoezi na bahasha ya majibu. Akatuchagua wasichana wanne: mimi, mapacha wa katekista, na binti wa fundi baiskeli.

Ulikuwa msimu wa kupanga tumbaku. Baba alikuwa anataka nisome, lakini alikuwa anataka na tumbaku yake ipangwe. Akamwambia mwalimu, "Asubuhi wako, mchana wangu." Mwalimu hakubishana. Mchana akawa anakuja yeye kwenye banda letu, anakaa juu ya gunia, na wale wenzangu watatu nyuma yake.

Asiyejua kazi ile nimweleze kidogo. Jani likishakauka linatoka bani, kwenye kibanda cha moto cha kukaushia, na hapo lazima lichambuliwe. Unalishika kwa kikonyo, unaangalia rangi, unaangalia madoa, unaangalia urefu, kisha unaligeuza uone mgongo. Mgongo ndio hausemi uongo. Halafu unalitupa kwenye fungu lake. Mtoto wa tumbaku akifika miaka kumi anafanya hivyo huku anaongea mambo mengine. Mkono wenyewe unageuza.

Kwa hiyo maumbo mengi ya kijitabu kile kwangu yalikuwa rahisi. Lisilofanana na wenzake? Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani. Mapacha wa katekista walikuwa wanatafuna penseli, mimi nimeshaweka kidole. Mwalimu alikuwa anacheka peke yake, huku akitukatia maumbo mengine ya karatasi tuyapange. Shangazi yangu, ambaye alikuwa anafunga mafungu pale pembeni, akawa anamchokoza: "Mwalimu, hivyo vikaratasi mnavyokata, mnamshonea panya shati?"

"Tunamshonea shangazi yake," mwalimu akamjibu, na wote tukacheka.

Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja uliokuwa unanishinda. Maumbo manne, yote ni bendera ndogo juu ya mti wake. Moja imesimama, moja imelala, moja imeangalia chini, na moja nyingine. Ipi si mwenzao? Mimi nikasema zote ni moja.

"Angalia vizuri," mwalimu akasema.

"Nimeangalia. Hii ukiigeuza inakuwa ile."

"Umeigeuza kwa nini?"

Nikamtazama. Kwa nini? Jani ukiligeuza ni jani lilelile, unageuza ili ulione. Shangazi naye akaacha kufunga, akainama kwenye kijitabu, akasema, "Mtoto kasema kweli, mwalimu. Hilo la mwisho umelionyesha mgongo tu." Na baba alipopita akasema vilevile. Ukoo mzima tulikosa swali moja.

Mwalimu hakutucheka. Alikata bendera kutoka kwenye jalada la daftari kuukuu, akachuma mwiba wa mgunga nje ya banda, akaichoma ile bendera katikati, mwiba ukazama kwenye udongo wa sakafu. "Sasa ipeleke popote," akaniambia. Nikaizungusha. Ikasimama, ikalala, ikaangalia chini, ikarudi. "Sasa ifanye iwe kama hii ya mwisho, bila kung'oa mwiba."

Nilizungusha bendera ile mpaka tundu likapanuka. Haikuwezekana. Kitambaa chake kilikuwa daima upande wa kulia wa mti wake, na ile ya mwisho kitambaa kiko kushoto. Ili iwe vile, lazima ung'oe mwiba, uinyanyue, uilaze kifudifudi.

"Na kwenye karatasi ya mtihani," mwalimu akasema, "kila umbo lina mwiba katikati. Huuoni, lakini upo. Kuzungusha ruksa. Kunyanyua hapana."

Shangazi akasema, "Mtihani wa watu wavivu huo, hata kugeuza hawataki." Lakini mimi nilikuwa nimeona. Mpaka leo nakumbuka mahali nilipokuwa nimekaa, na jinsi mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa na gundi nyeusi ya tumbaku, ulivyoacha alama ya dole gumba kwenye bendera ile. Kwa wiki tatu tulifanya mazoezi na mwiba. Ikafika mahali nikawa siuhitaji, nauona kichwani. Wenzangu nao wakaelewa, mmoja baada ya mwingine.

Halafu mwalimu wetu akapata barua ya uhamisho. Zilikuja hivyo siku zile, leo imefika na kesho unafunga godoro. Asubuhi ya kuondoka alituita ofisini kutuaga. Nilimwona kwa macho yangu akimpa mwalimu mkuu kijitabu, na juu ya kijitabu ile bahasha. "Majibu yote yamo humu, mwalimu mkuu," akasema. Mimi akanipa mwiba. Nikauchomeka kwenye pindo la gauni langu la shule.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya wa kupiga hovyo. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, na ndiye aliyesimama mbele ya katibu siku katibu alipotaka watoto waache shule wakalime shamba la kijiji wiki nzima. Nayasema hayo kwa sababu ni kweli. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kukosea mbele ya watu. Akiandika ubaoni kitu kisicho sawa na mtoto akakiona, anafuta ubao wote na kusema muda umekwisha.

Zikiwa zimebaki siku chache, akaamua kutupitisha kwenye mazoezi yale mbele ya darasa zima la saba, ili wote, alisema, waone faida ya bidii. Siku hiyo binti wa fundi baiskeli hakuwepo, alikuwa amelala na malaria. Mwalimu mkuu akafungua kijitabu, kwa bahati ukawa ukurasa wa bendera. Akachora zote nne ubaoni. Akaniita mimi.

"Ipi si mwenzao?"

"Ya nne, mwalimu. Imegeuzwa."

"Imegeuzwa." Akageukia darasa. "Bendera ikigeuzwa inakuwa nini? Inakuwa kuku?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa woga.

"Hapana, mwalimu. Lakini ina mwiba katikati, hairuhusiwi..."

"Ina nini?"

"Mwiba."

Hapo kicheko kikawa cha kugonga madawati. Mwalimu mkuu akanyamazisha kwa mkono. Akaenda dirishani, ambako kulikuwa na fungu la tumbaku ya shamba la shule, akatoa jani moja, akanionyesha uso. "Hiki nini?"

"Jani, mwalimu."

Akaligeuza. "Na hiki?"

"Jani."

"Jani gani? La pili?"

"Lilelile."

"Lilelile! Mtoto wa mkulima, baba yako anauza tumbaku, unataka nikufundishe jani?" Akarudi ubaoni, akatazama kijitabu kwa karibu, akasema isiyofanana ni ya pili, kwa kuwa mti wake ni mnene kuliko ya wenzake. Na kweli ulikuwa mnene kidogo. Ulikuwa wino umevuja. Akaniamuru niandike ubaoni, watu wote wanakili: umbo likigeuzwa ni lilelile. Nikaandika, kwa hati nzuri.

Nyumbani nilimweleza baba. Akafikiri, akasema, "Yule mwalimu wa kike alikuwa kijana. Huyu ndiye mkuu wake. Na jani ukiligeuza kweli ni lilelile, hata mimi najua." Shangazi akasema, "Si nilisema?" Basi, hivyo ndivyo umri, cheo na tumbaku vilivyokaa upande mmoja, na upande wa pili nikabaki mimi na mwiba wa mgunga.

Mtihani ulifanyika pale pale shuleni kwa masista. Tulipanda treni, wote wanne, na baba, amevaa shati lake la kanisani, akasimama stesheni kando ya mwalimu mkuu. Nilikaa dirishani kama alivyosema. Njia yote nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hivyo hivyo, hata siku ya ndoa.

Ukumbi ulinukia nta ya sakafu. Kurasa za kwanza nilizimaliza kabla mtu hajakohoa. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata, na ulikuwa wote ni wa maumbo ya namna ile: bendera, ndoano, mguu wa kuku, kijiko chenye nukta. Mstari baada ya mstari. Na uliofuata vilevile. Nikashika pindo la gauni, mwiba ulikuwa pale. Nilijua. Nataka ieleweke kwamba nilijua. Macho yangu yaliona kila lililogeuzwa kama vile linavyoonekana jani lenye ukungu kwenye fungu safi. Lakini kila nikitaka kuweka alama nasikia kile kicheko, na naona hati yangu mwenyewe ubaoni. Nikaanza kutafuta wino mnene. Palipo na mstari ulionenepa hata unywele mmoja, nikaweka alama hapo. Nilifanya hivyo kurasa mbili nzima, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefanya kazi nzuri.

Majibu yalipokuja, aliyechaguliwa katika sisi wanne alikuwa mmoja: binti wa fundi baiskeli. Yule aliyekuwa na malaria. Mazoezini hakuwahi kunishinda hata siku moja, na yeye mwenyewe alisema hivyo, alikuja nyumbani akalia kuliko mimi. Baba aliacha chakula kikapoa. Kisha akasema, "Mungu hakupanga."

Nilimheshimu baba, nikaondoa vyombo. Lakini aliyepanga namjua.

Miaka michache baadaye nikaja mjini, Mtendeni, nikajifunza kushona barazani kwa bibi mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake ilikuwa inauza vitambaa tangu enzi za misafara. Alikuwa mkali na mcheshi kwa pamoja. Wiki ya kwanza akaniacha nikate mikono ya gauni kwenye kitambaa cha maua. Nikaweka karatasi ya kukatia, nikakata mkono mmoja. Nikaiweka tena vilevile, nikakata wa pili. Alipoishika mikono hiyo akailaza mapajani mwake, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, huyu mteja wetu ana mikono miwili ya kushoto?"

Nikachukua mmoja nikaugeuza, ukakaa kama wa kulia. "Huu hapa, bibi. Ni uleule."

"Na maua yako wapi?"

Maua yalikuwa yameingia ndani. Juu kulikuwa na mgongo wa kitambaa, mweupe mweupe, kama kitu kilichofuliwa mpaka kikafa.

"Kitambaa hiki kina uso," bibi akasema. "Ukikigeuza si hichohicho. Karatasi ndiyo unaigeuza, kisha unakata. Haya, jifunze."

Nikaanza kulia. Bibi akafikiri nalilia kitambaa. "Nyamaza, tutatoa kola humo," akanibembeleza. "Hata mimi nilikata hivyo nikiwa mwari." Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Nilikuwa nimeshika mkono wa gauni, na katikati yake naona bendera, na katikati ya bendera naona mwiba.

Tangu siku hiyo sijakata vibaya. Bibi amefariki, baraza ni langu, na wasichana watatu wanajifunza kwangu. Kila anayeanza namkatia bendera ya karatasi, naichoma pini katikati, namwambia azungushe.

Mwaka juzi mzee mmoja alikuja kushonewa suti, anakwenda kwenye harusi ya mwanawe Dodoma. Nilimjua kabla hajapanda ngazi. Yeye hakunijua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nilikufundisha?"

Nikamwambia kijiji. Nikamwambia wasichana wanne na kijitabu cha masista. Nilikuwa nampima mabega wakati huo, niko nyuma yake, hakuona uso wangu.

"Aa! Zile bendera!" Akacheka, mabega yakatikisika ndani ya futi yangu ya kupimia. "Unajua zile bendera zilinitoa jasho? Jioni ile nikafungua bahasha ya majibu, naona ya nne! Nikasema, ee, leo nimepatikana. Nimeshawaandikisha darasa zima!"

Nikasimamisha futi. "Jioni ileile, mwalimu?"

"Ileile."

"Na mtihani bado siku nne."

"Siku nne, tano. Sasa ningerudi niseme nini mbele ya watoto?" Akacheka tena, lakini kidogo, kama mtu aliyesikia mlango nyuma yake.

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba hakujua. Nilikuwa na hasira na mjinga, na mjinga unaweza ukazoea kumkasirikia kama unavyozoea jino bovu. Kumbe alijua. Alikula chakula cha usiku akijua, akalala akijua, akatupeleka stesheni akijua na kutupungia mkono pale alipokuwa amesimama na baba yangu.

Suti nilimshonea, na nilimshonea vizuri. Sikutaka mtu yeyote Dodoma aseme fundi wa Tabora hajui kukata. Siku ya kuijaribu nilimvalisha mwenyewe mbele ya kioo, wasichana wangu wakiwa kwenye cherehani zao. Kisha nikachukua karatasi ya mkono nikaishika mbele yake.

"Mwalimu, kwa hii nimekata mkono wa kushoto." Nikaigeuza. "Hivi nimekata wa kulia. Umbo ni lilelile?"

Alitazama karatasi, akatazama mikono yake miwili kwenye kioo. Wasichana waliacha kukanyaga cherehani.

"Silo," akasema. "Nilikosea. Wewe ulikuwa sawa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, akavuta kola ikae vizuri, akauliza kama suruali haikuzidi urefu. Hakuanguka. Hakuna aliyemcheka. Maneno yale yalimaliza pumzi moja tu ya mzee, na hata hiyo haikuwa pumzi ndefu. Nikapiga magoti nimpandishie suruali, pini zikiwa mdomoni.